Wifi Yangu na Menyu ya Kliniki ya Macho

Wifi yangu hutengeneza tovuti nyuma ya pazia. Pazia lenyewe nimelishona mimi, kwa vipande vilivyobaki vya sare za shule, na ndilo linalogawa chumba chetu cha kazi. Mbele kuna cherehani yangu, meza ya kukatia, na kiti cha wateja wanaokuja kujaribisha nguo. Nyuma kuna kompyuta yake, feni isiyojua kutulia, na yeye mwenyewe. Tumekaa hivyo miaka sita. Watu huuliza kama hatugombani, mawifi wawili kwenye chumba kimoja. Tunagombana sana tu. Tukigombana yeye huvaa vile vidude vyake vya masikioni, mimi nakanyaga cherehani kwa hasira, na ikifika saa ya chai mmoja wetu anasahau.

Ni mke wa kaka yangu, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye nyumbani kwake huja kubadilisha nguo tu na kuondoka. Alipomleta kwetu, miaka kumi na mmoja iliyopita, Mama alimtazama kuanzia kandambili hadi kitana cha kichwani, akauliza anafanya kazi gani. Akajibu, "Natengeneza kurasa za kwenye kompyuta, Mama." Mama akasema, "Karibu," kwa sauti ile ile anayomkaribishia msoma mita.

Hakumkataa, lakini hakumpokea. Kwa miaka mingi alikuwa "mke wa mwanangu", basi. Wifi alipika, akafua, akamwamkia kila asubuhi, na Mama akaitikia kama mtu anayegonga mhuri. Kilichokuja kuwapatanisha ni simu. Miaka miwili nyuma macho ya Mama yalianza kuingia ukungu, akawa anawapa watoto wa jirani wamsomee ujumbe, na siri zake zote zikawa za mtaa. Siku moja wifi, bila kuombwa, aliichukua ile simu, akaingia kwenye mipangilio, akakuza maandishi hadi mwisho wa kukuzika. Kila herufi ikawa kama punje ya harage. Mama akasoma ujumbe wa mdogo wake mwenyewe, kwa sauti, mara mbili. Tangu siku hiyo "mke wa mwanangu" akawa "mwanangu", na mtaa mzima ukajua kwamba mkwe wake hakosei. Mimi niliyemshonea nguo maisha yake yote sikuwahi kusifiwa hivyo, lakini tuyaache hayo.

Sasa niwaambie wifi anavyofanya kazi. Huanza na ile skrini kubwa. Huipamba tovuti hadi ipendeze, na juu kabisa hupanga menyu, yale maneno ya kukuelekeza pa kwenda: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Madaktari, Huduma, Miadi. Yakishakaa sawa kwenye mstari mmoja, hushika ukingo wa dirisha la kompyuta na kuanza kulibana taratibu, ili aone mambo yatakavyokuwa kwenye simu. Maneno yanasogeleana, yanakaribia kukanyagana, halafu ghafla yote yanapotea, na kwenye kona ya juu kulia vinatokea vistari vitatu, kimoja juu ya kingine. Ukivibonyeza, maneno yanateremka kama orodha.

Mara ya kwanza aliniita kuona. Nakiri nilipiga makofi.

"Umeyaficha wapi?"

"Sijayaficha, wifi. Nimeyakunja tu."

Halafu huitazama kwenye simu yake, anasema "tayari", anafunga kompyuta. Siku moja nilimwuliza, "Na nani amejaribishwa?" Maana mimi gauni halitoki mlangoni kwangu kabla mwenye mwili hajalivaa. Akanijibu, "Tovuti haina kiuno, wifi." Tukacheka. Lilikuwa jibu zuri.

Kliniki ya macho iko mitaa miwili kutoka hapa. Simu yao ya mapokezi ilikuwa inalia kutwa, watu wakithibitisha tarehe za upasuaji, mpaka dada wa mapokezi akawa anaisikia hata akiwa kwake anaoga. Wakampa wifi kazi. Mpango ulikuwa rahisi: mgonjwa anatumiwa namba, anafungua tovuti, anakwenda kwenye Miadi, anaandika namba, anathibitisha. Asiyethibitisha hadi Ijumaa saa sita mchana, nafasi yake anapewa mwingine, naye anasubiri miezi minne mingine.

Mama alikuwemo kwenye orodha ya kwanza kabisa. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na jicho la kulia lilikuwa lifanyiwe kwanza, Jumanne. Alikuwa ameisubiri tarehe hiyo mwaka mzima. Nilimwambia nitamthibitishia. Kaka akapiga simu kutoka njiani akasema atamthibitishia. Wifi naye akajitolea. Mama akatukatalia wote.

"Jicho ni langu na kidole ni changu," alisema. "Nitathibitisha mwenyewe, kwenye kazi ya mkwe wangu."

Tukamwachia. Mama akishasema kitu, kukirudia ni kujitafutia maneno.

Alhamisi asubuhi dada wa mapokezi alikuja kazini kwetu kwa miguu, karatasi mkononi. Hakukaa.

"Dada, kuna shida," alimwambia wifi. "Tumewatumia namba wagonjwa arobaini. Waliothibitisha ni saba. Daktari anasema kama hadi kesho mchana hali ni hii, hii kazi anampa mtu mwingine, na sisi tunarudi kwenye daftari. Na wale wengine ndiyo wamekosa."

Wifi alifungua tovuti kwenye kompyuta. Inafanya kazi. Akalibana dirisha, vistari vitatu vikatokea, akabonyeza, Miadi hiyo hapo. Akafungua kwenye simu yake, kisha kwenye simu yangu. Kote iko sawa.

"Wanaogopa kisu," alisema. "Watu wazima ni waoga kuliko watoto."

Dada wa mapokezi akaikunja karatasi yake. "Labda. Lakini hata mama yenu hajathibitisha."

Dada alipoondoka, wifi alinigeukia. "Nenda wewe ukaongee naye. Mimi mkwe, atanipa maneno matamu tu. Wewe atakwambia ukweli."

Nilimkuta Mama amekaa dirishani penye mwanga, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, simu iko karibu kugusa pua. Kidole gumba kilikuwa kinapanda na kushuka kwenye kioo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona mapema, cherehani imekufa?"

"Kliniki wanasema hujathibitisha."

"Nitathibitisha."

"Unaogopa upasuaji?"

"Niogope nini? Nimekuzaa wewe."

"Basi thibitisha nione."

Mama aliilaza simu mapajani, kioo chini. Akaanza kukunjua na kukunja ncha ya khanga yake.

"Usimwambie mwenzio," alisema. "Leo siku ya tisa naitafuta hiyo menyu yake siioni. Naona jina la kliniki basi. Nimepanda, nimeshuka. Mwanangu, haya macho nilidhani yanakwisha. Kumbe yameshakwisha."

Niliichukua simu. Ninawaambia kitu kimoja: mimi natunga uzi kwenye sindano jioni bila taa. Nikatazama. Jina la kliniki lilikuwa limejaa skrini kwa zile herufi za harage, mwisho wake umekatwa na ukingo. Vistari vitatu havikuwepo, wala juu wala chini.

"Mama, hakuna kitu hapa. Hata mimi sioni."

Badala ya kufurahi, alinikunjia uso. "Usiseme hivyo. Mkwe wangu hakosei."

"Siku tisa, Mama. Kwa nini hukumuuliza?"

"Nimuulize vipi, nami nimeutangazia mtaa mzima?" Kisha akaongeza, taratibu zaidi, kwa sababu alijua nitasema nini. "Fundi saa wa hapa mtaani, naye yumo kwenye orodha ya upasuaji, alikuja wiki iliyopita kulalamika. Eti tovuti haina mlango wa kuingilia. Nikamfukuza. Nikamwambia ubovu ni wa macho yake, si wa kazi ya mwanangu. Na wale wa foleni ya dawa ya macho, Jumatatu, nikawaambia vivyo hivyo."

"Wote?"

"Waliolalamika."

"Ni wangapi?"

"Sikuwahesabu. Mimi si mapokezi."

Nilikaa chini. Mficha uchi hazai, na huyu Mama yangu alikuwa ameuficha uchi wa foleni nzima. Kila aliyetaka kusema kuna kasoro alikutana naye, na akarudi nyumbani anaamini macho yake ndiyo yenye makosa. Na yote hayo kwa mapenzi. Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia, nikashindwa kuamua nianze na lipi, nikaondoka na simu yake. Aliniita nirudi. Sikurudi.

Nyuma ya pazia nilimwekea wifi ile simu mbele yake. Aliitambua kwa kifuko chake cha kitambaa, nilichokishona mimi.

"Menyu iko wapi?"

"Juu kulia, kwenye kona."

"Nionyeshe."

Akatazama. Akaweka kidole, akausukuma ukurasa kwa ubavu, kutoka kulia kwenda kushoto. Ukasogea kidogo, na pale nje ya ukingo vikachungulia vile vistari vitatu, nusu yake. Akaachia, vikarudi vilikotoka. Nilikuwa sijavuta hata pumzi, yeye alikuwa ameshaelewa.

"Maandishi," alisema. "Nilimkuzia mimi mwenyewe."

Akanieleza, na ninawaeleza kama nilivyoelewa. Jina la kliniki ni refu, naye alikuwa ameiamuru tovuti isilikate, likae kwenye mstari mmoja. Kwenye simu yenye herufi za kawaida linaenea vizuri, na vistari vinapata nafasi pembeni. Kwenye simu yenye herufi zilizokuzwa, jina linavimba, linajaza upana wote, linavisukuma vistari nje ya skrini. Na mgonjwa gani wa macho hajakuza herufi zake? Wale saba waliothibitisha bila shaka walitumia simu za watoto wao.

Alikaa juu ya bunda langu la vitambaa. "Nimetengeneza tovuti ya wagonjwa wa macho," alisema, "nikaijaribu kwa macho mazima."

Mganga hajigangi, nilikuwa nataka kumwambia, lakini nilikuwa na jingine zito zaidi. Nikamwambia kwamba Mama amejua siku tisa, na kwa nini alinyamaza, na fundi saa alivyofukuzwa. Hapo ndipo alipolia. Alilia kidogo na kwa sauti ndogo, akajifuta kwa kipande cha sare ya darasa la pili.

Kisha akainuka haraka, akavuta kiti. "Nalipunguza hilo jina. Dakika tano."

Hapo nami nikapandwa na mori. Nimeona mafundi wengi wanaobana gauni baya kwa pini ili lipite siku moja.

"Huko ni kubana," nilimwambia. "Kesho litafumuka upande mwingine. Fumua lote. Gauni la mtoto halipatikani kwa kukata gauni la mama yake, unampima mtoto. Kila siku unaanza na mnene halafu unamlazimisha mwembamba aingie humo humo."

Nilidhani atavaa vidude vya masikioni. Badala yake alifungua ukurasa mweupe, akaiegemeza simu ya Mama kwenye kikombe cha chai, na akaanza kupima kutoka hapo: skrini ndogo kuliko zote, herufi kubwa kuliko zote. Jina la kliniki akaliruhusu livunjike lishuke mistari mitatu likitaka. Vile vistari vitatu akavitoa. Maneno ya menyu yakakaa wazi, moja chini ya jingine, kila moja kwenye kisanduku chake cha kutosha kidole gumba. Skrini ikipanuka, maneno yenyewe yanapanda na kukaa mstari mmoja. "Sasa natoka chini napanda juu," alisema, na sikuwa na uhakika anasema na mimi au na kompyuta.

Saa nane mchana Mama akatokea mlangoni, mkono mmoja ukutani, amekuja kudai simu yake. Alikuwa na hasira na mimi, na alikuwa nayo haki. Nikamkalisha kwenye kiti cha kujaribishia. Wifi akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele yake, pale pale ninapopiga magoti mimi nikipima pindo.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nipe simu yangu."

Na hivyo ndivyo tovuti ilivyojaribishwa kwenye mwili wa mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

"Hii Mwanzo ya nini?" Mama aliuliza. "Si nimeshaingia?"

"Ni ya kurudia, Mama, ukipotea."

"Basi ikae chini, nitaitafuta nikipotea. Na hii Kuhusu Sisi? Mtu ana ukungu machoni, aanze kusoma daktari alisomea wapi?"

"Daktari anataka picha yake ionekane mapema."

"Daktari macho yake mazima. Atashuka chini ataiona."

Alisema neno "Miadi" limekaa kiofisi, kwamba anachotaka kufanya yeye ni kuthibitisha, basi iandikwe hivyo. Kidole chake kikagusa maneno mawili kwa pamoja, wifi akarudi nyuma ya pazia, akayatenganisha, akarudi kupiga magoti. Walifanya hivyo mara nane au tisa. Mimi nilikuwa na sketi mbili za watu za kumaliza jioni hiyo na sikuzigusa. Ilipofika saa kumi, juu kabisa ya skrini, kwa herufi za harage, palikuwa na maneno mawili: Thibitisha Upasuaji.

"Haya, Mama," wifi alisema. "Bonyeza."

Mama aliweka kidole karibu na kioo, kisha akakirudisha.

"Nipigieni kwanza fundi saa."

Nikampigia, nikamshikisha simu yangu sikioni. Mzee yule alipokea akiwa bado amenuna, ilisikika hata tulipokaa.

"Habari za kutwa, fundi," Mama alisema. "Lile ulilonijia nalo. Macho yako hayana neno. Yaani yanalo, lakini si lile nililokwambia. Kosa lilikuwa la kwetu. Tumelirekebisha. Fungua sasa hivi, kabla ya kesho saa sita, na wenzako wa foleni uwaambie."

La kwetu, alisema. Wifi yangu alikuwa bado amepiga magoti. Alinyanyua uso, halafu akauinamisha tena haraka, akajifanya anaokota pini. Nilimwacha aokote. Sakafuni kwangu pini hazikosekani.

Mama akampigia mwingine, na mwingine, kila mmoja akimwambia yale yale bila kujitetea. Alipomaliza ndipo alipobonyeza. Akaandika namba yake mwenyewe, tarakimu moja moja, huku midomo ikimcheza. Skrini ikamwandikia: Tunakusubiri Jumanne saa tatu asubuhi. Akasoma kwa sauti, mara mbili.

Ijumaa saa sita dada wa mapokezi alihesabu thelathini na sita. Kati ya wanne waliobaki, wawili waliogopa kisu kweli. Daktari hakusema samahani wala asante. Aliuliza kwa nini picha yake iko chini, na wifi akamjibu kwamba hayo ni maagizo ya mgonjwa.

Jumatano, siku moja baada ya upasuaji, tulikwenda na Mama kliniki kufunguliwa bandeji. Muuguzi alimsafisha jicho, akamwambia afungue taratibu. Mama alitazama ukuta, akatazama dirisha, akasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, yote, pamoja na jina la mchapishaji. Akanitazama mimi.

"Wewe hujabadilika," alisema, na sikujua kama ni sifa.

Kisha akamgeukia wifi. Akamtazama kwa muda mrefu. Akamvuta kichwa kwa mikono miwili, akakisogeza karibu na lile jicho jipya, akapitisha kidole nywele za juu ya sikio.

"Mwanangu, una mvi."

"Ninazo, Mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

Mama alitugeukia sote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Wifi yangu ndiye aliyejibu.

"Tulidhani unaziona."